Neno la Baba na Ufa wa Sakafuni

Galahitiyawa,
Badulla,
Sri Lanka.
14 Novemba

Mpendwa mdogo wangu Nandasiri,

Hujambo huko Kuwait? Goti lako linaendeleaje? Sisi ni wazima wa mwili, ila roho ziko juu, sitakuficha. Mvua haijakatika tangu mwezi uanze.

Heenmenike, jirani yetu wa chini ya shamba la chai, ametutoka. Mlima uliporomoka ukamfunika ndani ya nyumba yake. Tulimzika bila kumwona uso. Bendera nyeupe za msiba zilitundikwa barabara nzima, na bango la rambirambi aliliandika Baba kama kawaida.

Ndipo Baba alipoanza. Unamjua, mwalimu hastaafu. Vijana walitaka aandike neno "sanvegaya", yaani huzuni yetu. Akawaka: "Huzuni? Nani kawafundisha nyinyi? Katika tenzi za zamani mtu anakutana na maiti njiani, moyo unamruka, hata nyumbani harudi, anaacha kila kitu! Hiyo ndiyo sanvegaya. Si kulia! Ni hofu inayokushika ghafla ukainuka kabla hujachelewa!" Mimi hofu hiyo ilikuwa imenishika tayari, kwa sababu kwetu ardhi ilikuwa imeanza kusogea: mlango wa jikoni ulikuwa haufungiki tena.

Kisha ukatokea ufa sakafuni, kutoka kabatini hadi chini ya kitanda cha Baba. Asubuhi kiliingia kisu, jioni kikaingia kiganja changu. Maji ya chemchemi yakageuka rangi ya chai ya maziwa. Nikamsihi tuhamie hekaluni walikokimbilia wenzetu. Akanijibu, "Binti, nyumba hii nimeijenga mimi. Huo ni ubovu wa saruji tu." Niliogopa mno, lakini baba mzazi havutwi mkono.

Mama ndiye aliyemweza. Jana mchana alitandika kitambaa cheupe mezani, akaweka rangi na brashi. "Mwalimu, tuandikie na bango letu la rambirambi kabisa. Tukishafukiwa, wale vijana watalikosea neno lako."

Baba akacheka. Akaandika jina lake kwa mwandiko wake ule mzuri. Alipofika kwenye jina la Mama, mkono ukakwama. Nikamwona uso umemsawijika. Akainuka, akauliza, "Mwavuli wangu uko wapi?" Tukatoka vivyo hivyo, wali tukauacha jikoni.

Sasa tuko hekaluni, tunalala kwenye mikeka. Lakini nyumba haijaanguka, na hilo ndilo linalonitisha zaidi. Leo mvua imepungua, Baba kaanza kuulizia miwani yake na ng'ombe waliobaki nyumbani. Ile hofu imeshampoa. Maneno yangu ameyazoea, yako huyasikia mara chache. Mpigie simu leo hii, tafadhali. Usimbembeleze. Mtishe.

Mama anakusalimu sana. Shangazi Kusumawathi naye anauliza kama unakula vizuri. Buddha awe kimbilio lako huko uliko, nasi huku mlimani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapotetemeka,

Chandralatha

Nilisahau: kile kitambaa Mama alikibeba. Kila Baba akiangalia mlango, Mama anakikunjua magotini, pale jina lake lilipokatikia.