Mganga wa Vidonda na Kidole Chake

Jumatatu, 2 Juni 2025
Leo Igalula, kutafuta dawa. Magome ya mninga yameniishia, na Bwana Vinod wa duka la vitambaa pale Kanyenye anataka kopo jingine la kupaka kidonda chake cha sukari. Nimevua viatu pembeni mwa pori kama marehemu baba alivyonifundisha – dawa haifuatwi na viatu. Asubuhi nzima pekupeku, mzee mzima mwenye sukari! Vidonge vyangu vya hospitali navimezea chumbani, mlango nimefunga. Wateja wakijua nitamuuzia nani?

Nimerudi gunia limejaa. Najisikia mtu wa maana.

Jumatano, 4 Juni
Tekla kauliza damu sakafuni ya nani. Nikasema ya kuku. Kuku gani, maana wa mwisho tulimla Pasaka. Kuna wake wengine hawaulizi maswali, sikubahatika.

Nimejikagua chooni. Mwiba umezama wote chini ya kidole gumba cha mguu, wala sikuusikia. Nimeutoa kwa sindano. Nimejipaka dawa yangu mwenyewe, mninga na asali ya nyuki wadogo. Sasa nitajua kama ninachouza kinafanya kazi. Mungu anisamehe kwa sentensi hiyo.

Jumanne, 10 Juni
Mganga hajigangi, wanasema. Mimi najiganga asubuhi na jioni, kwa bidii ambayo mteja hajawahi kuipata.

Navaa soksi na kandambili. Gerson fundi cherehani kauliza mbona nachechemea. Nikasema mgongo. Akasema na wake unamsumbua – basi nikamuuzia dawa ya mgongo. Biashara ni biashara.

Tekla ameshajua, asijue vipi na kitanda ni kimoja. Namwambia: ona, hakiumi hata kidogo, dawa inashika. Anafungua dirisha.

Jumamosi, 14 Juni
Ncha ya kidole imekuwa nyeusi. Naogopa. Nimeongeza asali.

Jumatatu, 16 Juni
Hospitali. Tekla kaita bajaji bila kuniuliza, kanipakia kama gunia la karanga.

Daktari ni binti mdogo. Kanipa shikamoo yangu vizuri, kafungua kitambaa, kaguna. Akawa ananichoma unyayo kwa kitu chembamba, anauliza nasikia? Nikauliza nisikie nini. Akaweka kile kitu chini. Akaeleza taratibu kwamba sukari imeua mishipa ya fahamu, ndiyo maana hapaumi, na huko kutouma ndiyo hatari yenyewe. Kidole kinakatwa leo. Ningekaa wiki nyingine, tungekuwa tunazungumzia mguu.

Akauliza nilipaka nini. Nikasema kuna mganga mmoja huko Kanyenye. Akasema nimfikishie ujumbe huyo mganga, aache kuchezea miguu ya watu. Nikamwahidi nitamfikishia. Tekla akatazama dari.

Sasa niko kwenye benchi, nasubiri kuingizwa. Ningependa kuandika kwamba nawaza mambo makubwa. Nawaza viatu vyangu vya ngozi, kama cha kulia kitanienea.

Vinod kapiga simu. Furaha tupu. "Mzee Lugembe, dawa yako kiboko. Mguu hauumi tena, kabisa kabisa."

Na mdomo wangu huu ukafunguka kusema asante! Mazoea. Nikaimeza. Nikamwambia Vinod, funga duka, njoo hospitali leo hii, usiweke hata tone la dawa yangu. Akacheka. Akasema mzee anatania, kwani hospitali yake si ni mimi? Nikamwambia nimekaa hapa, wananikata kidole. Akasema pole sana, kidole cha nini? Sikuwa na kuku wa kumsingizia. Nikasema cha sukari, Vinod, nilikipaka dawa ileile.

Nikasikia mashine ya kukatia vitambaa inazimwa.

Nikamuuliza: kidonda chako kina harufu? Akasema hajui, ana mafua. Ngoja amwite mkewe, Nidhi, ashuke anuse.

Simu iko mapajani, iko wazi. Nesi ametokea mlangoni, kataja jina langu. Tekla amesimama na mkoba. Nimewaonyesha kwa mkono wasubiri. Nasikia ndala za Nidhi kwenye ngazi.