Barua Zenye Harufu ya Wanga

Kwa Dada mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Mgongo unaendeleaje, na ile pasi ya mkaa bado inakutemea majivu? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio hauna raha, na sababu utaisoma humu humu.

Dada, chuo nimemaliza. Jana nikifunga mizigo hosteli niliikumbuka meza yako ya kupigia pasi. Kila mwaka ofisi ya ufadhili ilitutaka sisi tunaolipiwa ada tuwaandikie wafadhili wetu barua ya shukrani, na kila mwaka nilikukimbilia wewe, maana mimi nikishaandika “asante” kalamu inagoma. Ulisukuma kando mashuka ya watu, ukaniuliza huyu mfadhili ni nani hasa. Nikakwambia ni mama aliyeuza vifungo maisha yake yote, wanamwita Mama Vifungo. Basi ukamwandikia kana kwamba mmelelewa nyumba moja! Ulimsimulia marehemu baba alivyoshonea koti lake kifungo cha gauni, cha rangi ya waridi, akatembea nalo kifua mbele. Tulicheka mpaka ukaunguza foronya ya mteja. Alasiri zile nazililia, Dada.

Wiki iliyopita Mama Vifungo alinialika kwake. Anatembelea mkongojo, lakini macho yake hayajazeeka. Alizitoa barua zetu zote nne kwenye kopo la vifungo, akanusa moja, akaniuliza mbona zinanukia wanga, na shati langu limejaa makunyanzi namna hii. Nilitafuta uongo, nikaukosa. Nikamwambia zimeandikwa na dada yangu, dobi.

Sasa sikiliza lile nililomwambia yeye kabla yako. Kila uliponiuliza kama amejibu, nilikwambia watu wakubwa hawana nafasi. Nilikudanganya. Alijibu zote. Alisifu barua zako kwa jina langu, nikavimba kichwa, kisha nikaona haya. Katika jibu la pili aliuliza kama nyumbani yuko mwingine mwenye akili kama hizi, amlipie naye. Mwingine huyo ni wewe, uliyefaulu kunishinda ukabaki kumuuguza baba. Nilijua ukija chuoni utalijua jambo la majibu yale, nami nitaumbuka. Nikaificha barua chini ya godoro, na wewe ukaendelea kuninyoshea mashati ya kwendea darasani.

Mama Vifungo alizirudisha barua koponi, akasema nimekuibia. Niliitikia. Akasema ahadi yake ipo palepale, ila hataki jibu lipitie mikononi mwangu tena.

Humu mna majibu yake yote manne, anwani yake, na fomu ya kuombea nafasi ya chuo. Mwisho wa kuipokea ni mwisho wa mwezi. Msalimie mama, na wale wateja wako wasumbufu. Nina hamu kubwa ya kujua kama utanisamehe, lakini usinijibu mimi kwanza. Mjibu yeye.

Ni mimi mdogo wako,
Mdomo Mzito