Kwa Fundi Starehe, Aliyelala Kwenye Kochi Jipya

Mwaka umekatika, mpendwa wetu, tangu ulipojilaza kwenye kochi la mteja usiamke tena. Watu walikuita Fundi Starehe, nasi nyumbani tukaiga, maana hukuvumilia kumwona mtu amekaa vibaya. Mgeni akiingia, kabla salamu hazijaisha umeshamwekea mto mgongoni.

Ulibana misumari midogo midomoni huku unaongea, na bado tulikuelewa. Mkeo alipoanza masomo ya jioni, wewe ndiye uliyewaogesha watoto na kuwalaza. Jirani akakutania, "Starehe, siku hizi umekuwa yaya?" Ukamjibu, "Nimekuwa. Wewe hata paka wenu hakuamini."

Karakanani ulikuwa na sheria yako: kochi halitoki mpaka fundi alilalie kidogo, asikie kama kuna springi inayochoma. Ndiyo maana mchana ule hakuna aliyeshtuka. Ulikuwa umekunywa pombe kali tangu asubuhi. Ukajilaza, ukakoroma, na mafundi wakanong'onezana, "Msimwamshe, bosi anapima kochi." Wakacheka, kwa upendo tu. Mkoromo ukawa mzito, ukawa unakatikakatika, kisha ukanyamaza. Wakadhani sasa umepata usingizi mzuri. Daktari alisema pombe ilizidi mpaka mwili ukasahau kupumua.

Tungependa kuishia kwenye sifa zako. Lakini tunaogopa, na wewe ndiye tuliyezoea kukuambia yanayotutisha.

Mdogo wako ndiye anayeendesha karakana, naye anakunywa. Alianza msibani, akasema anapunguza machungu. Machungu yako palepale. Anayepungua ni yeye. Mashati yako yaliyokuwa yanambana sasa yanampwaya.

Wiki iliyopita mkeo alimpelekea chakula cha mchana, akakuta mafundi wananyata. "Bosi mdogo anapima kochi, shemeji," wakamwambia. Akaweka chakula chini, akakimbilia ndani. Alimkuta chali, midomo imebadilika rangi, pumzi moja inakuja, nyingine inasita. Akamgeuza ubavu, akamwita, akamtikisa. Hakuamka.

"Mwache tu alale, ataamka," fundi mkubwa akasema.

"Ndivyo mlivyosema siku ile. Leteni gari."

Pikapu iliyokuja kuchukua kochi ilikuwa mlangoni. Walimpakia humo akiwa juu ya kochi lilelile, mkeo amepiga magoti pembeni, kiganja chake kiko kifuani kwa shemeji yake njia nzima, anaogopa hata kupumua yeye mwenyewe asije akakosea pumzi ni ya nani.

Alipopata fahamu hospitali, neno lake la kwanza lilikuwa, "Shem, kochi la watu liko wapi?"

"Liko salama. Wewe je?"

Akageukia ukutani, akalia kama mtoto.

Daktari alimkataza kuiacha pombe ghafla akiwa peke yake nyumbani, maana hiyo nayo ni hatari. Ameachishwa huko huko hospitali, chini ya uangalizi, na juzi akaletwa nyumbani kwetu. Amekubali asiirudie. Tunajua kukubali siyo kupona. Bado akichelewa kuitika, mkeo anaacha sufuria motoni na kwenda kumtazama kifua. Lakini jana alikula akamaliza sahani, akaomba aongezewe. Mkeo alikwenda kulia jikoni, kwa furaha safari hii.

Nanyi mnaosoma, mke wa Starehe ameomba tuwaambie: mtu aliyelewa akikoroma namna ile, ukamwita asiamke, usimwache alale. Mgeuze ubavu, mkimbize hospitali, wakucheke baadaye.

Unakumbukwa na mama yako, mkeo, wanao wawili, dada zako, mafundi wote wa karakana, na mdogo wako, ambaye tulimsomea haya yote kabla ya kuyatoa, akasema, "Yaacheni yalivyo."

Wewe, Starehe wetu, tutakukumbuka siku zote za maisha yetu. Yeye hatutaki kumkumbuka. Tunataka kuzeeka naye.