Taulo Lililobaki Begani Mwangu

Bahati, ndugu yangu,

Mimi ni mzima. Barua huanza hivyo, kisha mtu huuliza hali ya mwenzake, na hapo ndipo kalamu imeniganda tangu asubuhi. Basi nisiulize. Nikupe tu habari za huku.

Ni miezi mitatu tangu tukuzike. Furaha, mke wako, amerudi kazini kwa wale wazee anaowaogesha. Mama yako kule Bukavu tulimwambia kwa simu kwamba moyo ulisimama, maana hakuna aliyethubutu kutaja ngumi. Kwenye klabu yetu ya ndondi mtaani Forest, huku Ubelgiji, nyuma ya gereji ya matairi, ule mstari mweupe uliouchora sakafuni bado upo. Watu wanauruka.

Mstari ule ulinikera tangu siku ya kwanza, nakuambia sasa kwa kuwa huwezi kunibishia. Ulianza siku uliponunua kile kitabu cha Kifaransa kwenye soko la vitu vikuukuu, kitabu cha mabondia wa enzi za babu zetu, wenye masharubu na suruali za kubana, waliopigana mikono mitupu hata raundi arobaini. Ukanieleza kwamba zamani hizo raundi haikungoja kengele. Iliisha mtu alipoanguka, naye alipewa nusu dakika arudi mwenyewe kwenye mstari uliochorwa katikati. Asipofika, kashindwa. Ukanionyesha bingwa wako, yule mweusi ambaye mabingwa weupe walimkwepa miaka na miaka, wakisema hawapigani na mtu wa rangi yake. "Angalia macho yake, Déo. Huyu haombake muntu pardon." Wewe uliyekuwa unafagia kiwandani na kuitwa kwa jina lisilo lako, ulimpenda kupita kiasi mtu yule asiyemwomba yeyote msamaha.

Kisha ukaniapisha. Mimi ndiye niliyekaa kwenye kona yako na ndoo na taulo, na kila bondia anajua kwamba msaidizi akirusha taulo ulingoni, pambano limekwisha. Ukasema: "Ile essuie, ile taulo, usiitupe, ata nikifa. Muntu anakuyaka ku mustari ye mwenyewe." Ukacheka. Nikaapa, mjinga mimi.

Jumapili ile ya pambano lako la mwisho, baada ya raundi ya sita, ulikuja ukaketi kwenye kigoda. Nilikufuta damu sikioni. Jicho moja lilikuwa limefumba, na kwa lile lingine ukanitazama, ukasema polepole: "Déo, nimechoka."

Tumejuana tangu shule ya msingi, Bahati. Sijawahi kukusikia ukisema neno hilo, hata siku zile tulipotembea wiki nzima kwa miguu tukiwa na vifurushi kichwani. Nilipaswa kushtuka. Taulo lilikuwa hapa, begani mwangu. Nikakujibu kama nilivyoapa: "Mustari, Bahati. Enda ku mustari."

Ukaenda. Ulinitii, na hilo ndilo linaloniua.

Pale hospitali ya Woluwe, walikokupeleka kutoka ulingoni, ulilala siku mbili bila kufumbua jicho. Ulipokata roho, Furaha alinishika mkono kwenye korido akauliza: "Alisemaka kitu?" Nikamjibu: "Hapana, maman. Alikuwa nguvu mpaka mwisho." Tangu siku hiyo lawama zote amemtupia mwamuzi, kwamba hakulisimamisha pambano, na kanisa zima linajua. Mwamuzi huyo, yule mzee wa Kibelgiji, alikuja matangani na maua yake, kofia mkononi, Furaha akamfungia mlango. Mimi nilikuwa nyuma yake. Nilisikia viatu vya yule mzee vikishuka ngazi.

Wiki iliyopita Furaha alinipa kile kitabu. "Chukua, Déo, mulikipendaka ninyi wawili." Ndugu yangu, hukukimaliza. Kurasa za mwisho zilikuwa bado zimeshikana pembeni, kama vitabu vya zamani vilivyotoka kiwandani bila kukatwa. Wewe ulifika hapo ukadhani habari imeisha. Nilizikata kwa kisu cha jikoni.

Bingwa wako yumo. Siku moja alipigwa hadi haoni, na rafiki yake wa kwenye kona akarusha sponji ulingoni, maana wao walirusha sponji. Alimnunia rafiki huyo miezi kadhaa. Halafu wakazeeka pamoja, nyumba zao jirani, wakifuga kuku. Kuna picha yao wamekaa kwenye benchi, masharubu meupe, yule bingwa anacheka. Nimeitazama mpaka machozi yakanizuia kuona.

Nina hasira na wewe, Bahati. Na mimi mwenyewe nimejichukia zaidi. Kurasa sita tu hukuzikata.

Jumapili baada ya misa nitapanda tramu hadi kwa Furaha huko Ganshoren, nikiwa na kitabu na taulo. Nitamwambia ulichosema, na nilichokujibu. Huenda akanifungia mlango kama alivyomfungia yule mzee, na itakuwa haki yake. Kutoka hapo nitakwenda kwa mwamuzi, nivue kofia yangu mimi. Kiapo changu kwako nilikitimiza mara moja, na ikatosha. Ninachokuahidi leo ni hicho tu, kusema.

Lala, ndugu yangu. Huko uliko hakuna mstari, na hakuna anayekuita. Ulisema umechoka. Nimesikia.

Déo