Saini ya Lucius

Mpendwa dada Vernelle,

Hatujambo, ila goti la Lucius bado linamsumbua, na nyanya zangu zimeliwa zote na kulungu. Kanisani tumepata mpiga kinanda mpya. Anapiga kama anafukuza kuku.

Ulisikia bunge letu la Missouri limechora upya mipaka ya uchaguzi. Mstari umepita mtaani kwetu: sisi huku, kanisa kule. Basi tukakusanya saini ili jimbo zima lipige kura ya maoni, kuikubali mipaka hiyo au kuikataa. Siku ya samaki wa kukaanga kanisani nilitia saini yangu, na kwa kuwa Lucius alibaki garini na goti lake, nikamtilia na yeye. Mke gani hajawahi kumsainia mumewe?

Jumatatu walikuja wanaume wawili waliovaa tai, wakaguzi wa saini, na picha ya karatasi ile tuliyotia saini.

“Mama, huu ni mwandiko wa mzee?”

Lucius akadakia, “Ni wangu! Kwani mnadhani sijui kuandika?”

Wakacheka, wakanywa chai yetu ya barafu. Mlangoni yule mrefu akaniuliza kwa upole, “Una ndugu unayemwandikia barua?”

Nikasema sina.

Alhamisi tumeitwa ofisini kwao, tuandike mbele yao. Kwa hiyo choma barua zangu zote, dada, za miaka thelathini, hata ile ya kifo cha Mama. Na ukiona herufi hizi zimepinda, usidhani ninaumwa. Tangu Jumatatu ninaandika kwa mkono wa kushoto.

Mdogo wako, ambaye leo hatii saini.