Malkia wa Mnarani na Eda ya Shangazi

Jumatano, Kirongwe. Mvua imenyesha asubuhi, ikakatika, ikarudi, sasa imekatika tena na uani kila kitu kinafuka mvuke. Sina huzuni wala furaha. Nimemaliza mfululizo wa vitabu vitano na kichwa kimebaki kitupu, kama chumba ambacho watu wamehama.

Nieleze kwanza niko wapi, maana mara ya mwisho kuandika hapa nilikuwa bado nyumbani Kilindoni. Niko kwa shangazi, dada yake baba. Mumewe, Mzee Shomari, alifariki, na yeye yuko eda: miezi minne na siku kumi hatoki nje bila dharura, havai dhahabu, hapaki hina, hajifukizi udi, anavaa nguo nyeupe zisizo na urembo wowote. Hawakujaliwa mtoto. Basi ukoo ulikaa kikao, ukaangalia nani hana kazi, na macho yote yakanigeukia mimi niliyemaliza kidato cha sita na ninayesubiri chuo. Nikaletwa huku niwe nachota maji, naenda dukani, naitikia hodi.

Eda inaisha keshokutwa, Ijumaa. Jumamosi kaka alipanga kuja na pikipiki kunichukua.

Jumamosi hiyo nimeisubiri tangu wiki ya kwanza. Sioni sababu ya kujifanya mtu mwema kwenye blogu yangu mwenyewe.

Vitabu alivileta kaka huyohuyo. Anafanya kazi hotelini kule Utende, na wageni wanaokuja kuogelea na papa potwe huacha vitu wakiondoka: mafuta ya jua, viatu vya mpira, vitabu. Safari hii mtu aliacha mfululizo mzima, wa kwanza hadi wa tano, kwa Kiingereza, kurasa zimevimba kwa unyevu. Ni hadithi za nchi isiyokuwepo, yenye baridi kali, majoka, na watu wenye nguvu za ajabu. Aina ya vitabu ambavyo mwalimu wetu wa fasihi alisema ni vya kupotezea muda. Mimi muda ninao.

Maoni yangu kwa ufupi, kwa wanaopenda maoni. Cha kwanza ni kizuri sana. Cha pili ni vita tu. Cha tatu watu wanatembea kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na kila wakipumzika mwandishi anatueleza supu waliyokunywa. Cha nne kiliniunguzia wali mara mbili. Cha tano nilikimaliza juzi, peke yangu, chumbani, bila kumwambia shangazi.

Hapo ndipo tatizo lilipoanzia, kwa sababu vitabu hivi tulikuwa tunavisoma wawili.

Ilianza siku aliponiuliza ninacheka nini peke yangu. Nikamweleza. Akasema, soma kwa sauti basi, na mimi nina masikio. Kiingereza hajui, kwa hiyo ninasoma kwa macho na kusema kwa Kiswahili. Kila siku baada ya chakula cha mchana, yeye anasuka ukili wa mkeka, mimi nimeegemea ukuta na kitabu, mpaka adhana ya alasiri.

Kutafsiri papo kwa papo si mchezo. Theluji nilimwambia ni barafu laini inayoanguka kutoka mbinguni. Barafu anaijua, ile ya kuhifadhia samaki, kwa hiyo hakubisha. Aliuliza tu kama makuti ya huko yanastahimili. Wachawi walinipa taabu zaidi. Nilipowataja mara ya kwanza aliweka ukili chini akaniambia, "Mwanangu, mimi niko eda. Usiniletee uchawi humu ndani." Nikawabadilisha jina, nikawaita wataalamu. Matokeo yake vita vyote vya kitabu cha pili vikawa ugomvi wa wataalamu, na shangazi akasema ndiyo maana mambo hayaendi.

Joka nililieleza vibaya kabisa. Nilitaka auone ukubwa wake, nikasema ni kama papa potwe, ila lina mabawa. Kosa hilo. Nani hapa Mafia hajui kwamba potwe hamdhuru mtu? Watoto wa wageni wanaogelea ubavuni mwake. Tangu siku hiyo, kila jeshi lilipotimua mbio kulikimbia joka, shangazi alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Nilijaribu kurekebisha, nikamwambia linatema moto. Akasema labda wamelichokoza.

Shujaa wa kitabu hakumpenda. Alimwita Kijana wa Mbio, kwa sababu kila sura anakimbia kitu.

Aliyempenda ni Malkia.

Malkia Orsima ndiye adui wa hadithi nzima. Mumewe alikuwa anakaribia kufa, naye akamfungia juu ya mnara, akamweka kati ya uhai na mauti kwa nguvu zake. Hasemi, haamki, ila anapumua. Na ili aendelee kupumua, kila mwaka baridi inameza kijiji kimoja cha nchi yake. Watu wanateketea. Ndiyo maana Kijana wa Mbio anatumwa akamkomeshe. Mwandishi hakuacha shaka yoyote tumchukie nani.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho wa sura, akavuta ukili, akasema, "Nami ningemweka."

Mzee Shomari alipigwa na kiharusi, akalala kitandani karibu miaka miwili. Shangazi alimlisha kwa kijiko, alimgeuza, alimwogesha. Waliokuja kumwona walikuwa wakisema Mungu ampumzishe, kachoka. Siku ile aliniambia kitu ambacho nadhani hajawahi kumwambia mtu. "Nilikuwa nawaitikia amina kwa mdomo tu. Moyoni nilikuwa nasema, ninyi mnataka apumzike, mimi nataka abaki."

Nikafungua sura inayofuata.

Hata hivyo hatukukubaliana. Mimi nilikuwa upande wa kijana kwa sababu ndivyo kitabu kilivyonielekeza, na pia kwa sababu ya vile vijiji. Tulibishana kitabu cha tatu chote. Nilimuuliza, na wale watu wanaoganda kwa baridi? Akafikiri kidogo, akasema wangehama.

Basi juzi nikaufikia mwisho kabla yake. Kijana anapanda mnara, anavunja taa ya bluu inayomshikilia yule mume, mume anashusha pumzi moja ndefu, anakufa. Baridi inaondoka nchini. Malkia anabaki sakafuni. Kijana na wenzake wanafunga mlango wa mnara, wanashuka ngazi, na sura inayofuata ni karamu ya kumtawaza mfalme mpya. Supu zipo pia.

Nikiri kwamba niliposoma peke yangu niliridhika. Kila uzi umefungwa, kila mtu kapata chake. Ningekuwa natoa nyota ningetoa tano. Ila baada ya kufunga kitabu nikasikia shangazi anakohoa chumba cha pili, nikajua kwamba mwisho huu siwezi kumsomea mjane aliyebakiza siku tatu kutoka eda.

Jana nilijitia kuumwa kichwa, hatukusoma.

Leo sikuwa na kisingizio. Nilikuwa nimeshapanga mwisho wangu mwenyewe. Kwangu mimi kijana anapanda mnara, anamwona yule mume amelala, anaingiwa na huruma, wanaita mtaalamu mmoja mzee, na mume anafumbua macho, anaomba maji. Malkia anaomba radhi kwa vijiji vyote. Kila mtu anaishi. Si mwisho mbaya. Nimesoma vitabu vilivyochapishwa vyenye mwisho mbaya zaidi ya huo.

Nilianza vizuri. Nikapandisha kijana ngazi, nikamfikisha mlangoni. Nikaleta huruma. Nikaleta mtaalamu mzee. Nilipofika pale mume anapofumbua macho, shangazi aliacha kusuka.

"Mbona hufunui kurasa?"

Nikatazama kitabu. Kilikuwa palepale nilipokifungua.

"Soma kilichoandikwa," akasema. Hakukasirika. Aliongea kama anayeniambia nipunguze moto jikoni. "Mimi si mtoto. Huyo mtu kafa, nimeshajua. Soma."

Nikasoma. Nilisoma polepole, neno kwa neno, sikubadilisha hata moja, hata wachawi niliwaita wachawi. Taa ikavunjika, pumzi ikatoka, mlango ukafungwa. Shangazi mikono yake ilikuwa juu ya magoti, haina kitu. Nikaendelea na karamu kwa sababu nilikuwa naogopa kunyamaza. Nikasoma bendera, nikasoma ngoma, nikasoma mfalme mpya anavyomshika mkono binti wa muuza mkate. Nikafika nukta ya mwisho.

"Na nani anakaa naye?" akauliza.

"Nani, shangazi?"

"Huyo mwanamke. Kafiwa na mume. Nani anakaa naye?"

Nikasema kitabu hakikusema.

"Hata jirani?"

"Wako kwenye karamu."

"Wote?"

Nikarudisha kurasa nyuma. Nilitafuta kweli, nilipitisha kidole mstari kwa mstari, kama kuna mtumishi, kama kuna mlinzi aliyebaki mlangoni. Hakuna mtu. Mwandishi aliyepata nafasi ya kueleza supu katika vitabu vitano hakupata sentensi moja ya kumwekea mwanamke yule mtu wa kukaa naye.

Shangazi akatikisa kichwa. "Basi huyo kijana kaondoka kazi haijesha," akasema. Adhana ikaanza, akainuka kwenda kutia udhu.

Mimi nilibaki palepale ukutani. Nilimkasirikia mwandishi, na ni ajabu kwa sababu juzi nilikuwa tayari kumpa nyota tano. Kisha hasira ikaisha, ikaja aibu, na aibu ilikuwa yangu mwenyewe, haikumhusu mwandishi hata kidogo. Ijumaa majirani watajaa humu. Watamwogesha, watamvalisha nguo mpya, watamfukiza udi, kutapikwa pilau. Wakishakula wataosha masufuria na kurudi makwao. Jumamosi nami nilikuwa napanda pikipiki. Nimeishi na mwanamke huyu tangu afiwe, nimejua anapenda chai ya mchaichai na anakoroma akilala chali, na swali alilouliza kwa ajili ya malkia wa kubuni mimi sikuwahi kuliuliza kwa ajili yake.

Wala si mimi peke yangu. Kikao cha ukoo kilizungumza nani atakaa naye wakati wa eda. Baada ya eda hakikuzungumza. Nadhani sote tulichukulia kwamba eda ikiisha na upweke umeisha.

Simjui shangazi kama mtu wa kuonewa huruma, na sitaki kumwandika hivyo hapa. Ana mikono yenye nguvu kuliko yangu. Ana minazi yake, ana mikeka yake, ana ulimi. Pengine atakuwa salama kabisa. Lakini nimeona leo mikono ile imekaa magotini haina kitu, na sipendi kufikiria itakaa hivyo mbele ya nani.

Baada ya magharibi baba alipiga simu. Mtandao hapa unashika ukisimama karibu na mlango wa uani, kwa hiyo nilisimama hapo, mguu mmoja kwenye matope. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza kaka aje saa ngapi Jumamosi.

Nikamwambia asije.

Akauliza kuna nini. Nikasema hakuna kitu, nitarudi chuo kikikaribia kufungua. Akauliza kama shangazi ndiye aliyeniomba. Nikasema hapana. Akasema mama yako atashangaa, nikasema najua. Baba si mtu wa maneno mengi. Aliniuliza tu kama niletewe nguo nyingine, na sabuni.

Shangazi alikuwa chumbani, akauliza nani huyo. Nikamjibu ni baba, anakusalimia.

Sijamwambia bado. Inawezekana amenichoka, mimi na wali wangu wa kuungua, na anachosubiri ni nyumba yake na ukimya wake. Sitaki kujifanya najua. Kesho nitakaa mbele yake bila kitabu, nimuulize kama anataka nibaki. Akisema niende, nitampigia kaka. Lakini asikae peke yake eti kwa sababu hakuna aliyemuuliza.