Msingi Uliofika Magotini

Mpendwa mshauri Bibi Raisa, pokea salamu zangu kutoka Mbuya, na naomba msaada wako ingawa mimi si mtu aliyezoea kuomba msaada, wanaonijua watakuambia hivyo hivyo, kwa sababu jeshini nilikaa mpaka nikastaafu na cheo cha sajini, na nyumba ninayolala nimeijenga mwenyewe, na ukichapisha barua hii usinifiche kwa kuniita msomaji wa Kampala, andika Opoka, sajini mstaafu, maana sina ninaloliona haya.

Kwanza nikueleze nyumba yenyewe ili ujue unazungumza na mtu wa namna gani. Msingi niliuchimba kwa mikono yangu nikiwa likizo, kwa jembe na sururu, nikachimba mtaro mpaka ukanifika magotini, na mimi ni mtu mrefu, ndipo likizo ikaisha nikasema hapa panatosha, tukajaza mawe na zege tulilochanganya kwa koleo mimi na mke wangu Alal, nondo hatukuweka kwa sababu siku zile nondo tulizisikia tu kwa wakubwa, na bado nyumba imesimama, Bibi Raisa, imesimama! Matofali ya kuchoma niliyachagua moja moja kwa kuyagonganisha nisikie mlio wake, likitoa sauti ya chungu kilichopasuka nalirudisha kwenye lori mbele ya macho ya mwenye lori, na nilipofika kwenye linta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, mambo yalikuwa yamenikalia vizuri kidogo, nikatia nondo kuzunguka nyumba nzima bila kuruka hata ukuta mmoja, halafu juu kenchi za mbao ngumu na mabati yasiyovuja hata tone, na mbele nina veranda yenye nguzo nyeupe za duara ambazo watu wakishuka barabarani wanasimama kuziangalia. Ufa ninao mmoja tu, kona ya jikoni, na huo nauziba kila mwaka hauonekani.

Sasa shida yangu. Binti yangu wa kwanza, Aciro, ambaye ni afisa wa polisi na mimi natembea kifua mbele kwa ajili yake, amepata mchumba, kijana wa Kiislamu anaitwa Nasser, kijana safi, sina neno naye, hata kwenye ukoo wetu Waislamu wapo na tunakula nao Idi na Krismasi, lakini familia yake ni wale wafanyabiashara wa siku nyingi wa Kampala ya Kale, na nilipokwenda kujitambulisha kwa baba yake, Mzee Rafiq, nikakuta nyumba yao ni ghorofa, duka chini, wao juu, na juu yao tena wapo wengine, nikasimama pale barabarani nikatazama juu mpaka kofia ikaniangukia nyuma, na Alal akacheka, akacheka mbele ya watu, na tangu siku hiyo sijapata raha.

Mwezi ujao, Idi ikipita, wanakuja kwangu rasmi kuposa, na mimi nikaamua hawatanikuta chini. Nimemwita fundi Ojok, amepima, amezunguka, amepiga ukuta teke, akaniambia, "Afande, hii nyumba yako iko nguvu sana. Tunatoa mabati, tunamwaga slabu, tunapandisha gorofa. Hapana shida." Nondo zimeshashushwa, bloku zimejaa uani, saruji iko stoo, na Jumatatu tunafumua paa, hata kama ghorofa haitakuwa imeisha wageni wataziona nguzo zimechomoza juu na watajua mwenye nyumba anapanda. Lakini Alal amekataa. Amechukua ufunguo wa stoo ameufunga kwenye kanga yake na hautoi, na nilipomwamuru akaniambia mbele ya fundi, "Opoka, wewe panda huko juu ulale na Ojok. Mimi na watoto tunalala kwa banda ya kuku." Na Aciro naye, badala ya kumsaidia baba yake, akasema, "Baba, Nasser anakuja kuoa mimi, hapana kuoa gorofa."

Kilichomuudhi Alal zaidi ni ngazi. Ngazi lazima zianzie verandani, hakuna pengine, na pale sakafuni kuna alama ya mkono wa Aciro, aliuchovya kwenye saruji mbichi alipokuwa anatambaa, siku ile nilitaka kulainisha nikaacha, basi Ojok anasema patavunjwa pawekwe ngazi na vigae vizuri, na mimi nimekubali kwa sababu ni alama tu, lakini mke wangu tangu asikie hilo hasemi nami ila kwa kupitia mtoto. Bibi Raisa, nimepigana vita, siwezi kushindwa na ufunguo. Niambie nimfanyeje mke wangu akubali kabla ya Jumatatu.

Ni mimi, Opoka, Mbuya.


BIBI RAISA ANAJIBU

Afande Opoka, barua yako nimeisoma nimesimama, maana imeandikwa kwa amri na mtu haruhusiwi kukaa. Hongera kwa binti. Hongera kwa nyumba pia, na hiyo naisema kwa dhati, kwa sababu kabla sijaanza kujibu barua za watu nilikaa miaka mingi nyuma ya kaunta ya duka letu la vifaa vya ujenzi pale Kalerwe, na nimewaona wengi waliokuja kununua saruji wakiwa na magari makubwa na hawajui hata kugonganisha matofali. Wewe ulijua. Sajini mwenye jembe aliyejenga kwa likizo zake amenifurahisha kuliko unavyodhani.

Sasa nisikilize, maana hukuniomba maoni juu ya nyumba, umeniomba nikusaidie kumshinda mkeo, na hilo sitalifanya. Alal yuko sawa. Ufunguo ubaki kwenye kanga.

Wala sihitaji kufika Mbuya kujua hivyo. Umeniambia mwenyewe, tena kwa kujisifu. Msingi, afande, ndio unaopokea uzito wote wa nyumba na kuukabidhi kwa ardhi. Wa kwako umefika magotini, hauna nondo, na hukuacha kuchimba kwa sababu ulikuta ardhi ngumu, uliacha kwa sababu likizo iliisha! Kwa nyumba ya chini yenye mabati umetosha, na umethibitisha. Lakini huyo Ojok anataka kumwaga slabu. Unajua slabu ni nini? Ni sakafu ya juu, zege tupu lenye nondo, kutoka ukuta hadi ukuta. Mabati yako watu wachache wanayanyanyua. Zege la sakafu hiyo linaletwa kwa malori, na likishakaa juu halishuki tena kwa hiari yake. Halafu juu yake kuta, vitanda, maji ya tangi, na wakwe.

Nyumba ya ghorofa haibebwi na kuta namna yako. Ina nguzo za zege zenye nondo zinazoanzia chini kabisa ardhini, kila moja imekalia kitako chake kipana, zinapanda mpaka juu, na kati ya nguzo na nguzo kuna mihimili inayozishikanisha. Uzito unashuka kwa njia hiyo. Wewe nguzo ulizonazo ni zile nyeupe za verandani. Nazipenda, nimeziona kwa macho ya moyo, lakini zimebeba kivuli tu. Linta yako pia usiitegemee. Umeitia nondo vizuri na ndiyo maana kuta zako hazijaachana, ila kazi ya linta ni kuzifunga kuta na kubeba matofali yaliyo juu ya dirisha. Haikuzaliwa kubeba nyumba ya pili.

Na huo ufa. Astaghfirullah, mwanaume mzima unaniandikia kwamba unauziba kila mwaka! Ufa ukizibwa mara moja ukatulia, huo ni ufa wa plasta. Ukirudi kila mwaka, kuna kitu chini ya jiko lako kinasogea, na kinasogea hata sasa, nyumba ikiwa nyepesi. Hapo ndipo unataka kuongeza uzito na kuwaalika watu wakae chini yake? Mimi ningekuwa Alal ningeificha saruji yenyewe, si ufunguo.

Fundi Ojok simjui na sitaki kumtukana. Lakini fundi anayepima nyumba kwa kupiga ukuta teke amepima kiatu chake. Mtu wa kukuambia kama nyumba inaweza kupanda ni injinia, naye hatapiga teke, atachimba kando ya ukuta mpaka auone msingi wako kwa macho, na akisema hauwezi, utamshukuru.

Sasa nije kwenye kidonda chenyewe, kwa sababu ghorofa siyo kidonda. Kidonda ni kofia iliyoanguka. Afande, hao wakwe zako watarajiwa ni watu wangu. Babu zetu walikuja na biashara kutoka pwani, tukakaa Kampala ya Kale, tukapanga juu kwa sababu chini palikuwa duka na pembeni palikuwa duka la mtu mwingine. Hatukupanda kwa kiburi. Tulipanda kwa kukosa pa kuanika nguo! Mimi nimekulia juu huko, na utoto wangu wote nilitamani nyumba yenye veranda.

Na nikuambie Mzee Rafiq na watu wake wataangalia nini wakifika kwako, maana nimekwenda posa nyingi. Hawatatazama juu. Wataangalia wavulie viatu wapi. Wataangalia kama kuna maji ya kutawadha, kwa sababu maongezi yakirefuka adhuhuri itawakuta hapo hapo. Watataka kujua kibla kiko upande gani na kama kuna mkeka safi. Watauliza kwa upole nani amechinja. Ukiwapandisha kwenye nondo zilizochomoza na hukuwawekea maji, watakuwa na adabu, watakunywa chai, na wakifika nyumbani watasema, yule mzee ana nyumba kubwa. Ukiwawekea maji, watasema Aciro ametoka kwa watu.

Kwa hiyo hivi ndivyo utakavyofanya. Leo, siyo Jumatatu, mpigie Ojok umwambie mabati hayaguswi. Usimfukuze, kazi ipo. Zile bloku zilizojaa uani atakujengea ukuta mfupi kando ya bomba, aweke vikalio vya saruji ambavyo mzee anaweza kukaa akaosha miguu bila kulowesha kanzu, na mfereji mdogo wa kutoa maji, uelekee mbali na nyumba, usikaribie ule msingi wako wa magotini! Nondo zifunike zisinyeshewe. Siku mwanao mwingine atakapotaka ghorofa mtachimba upya, mahali papya, kwa kina anachotaka injinia. Huyo injinia umwite sasa hivi kwa ajili ya ile kona ya jikoni, na mpaka afike usitie plasta hapo. Mchinjaji mwombe Nasser akuletee, atafurahi kuombwa. Kisha nenda kwa Alal, wewe mwenyewe, bila kumtuma mtoto, umwambie ulikosea. Ni neno fupi. Umesema marefu zaidi katika barua hii.

Na ngazi za kuvunja veranda nisizisikie tena. Unaniandikia "ni alama tu," lakini umesema pia kwamba siku ile ulitaka kulainisha, ukaacha. Mwanajeshi anayerudisha tofali kwenye lori kwa sababu ya mlio wake, akaacha sakafu yake ikiwa na kasoro. Uliacha kwa nini, Opoka? Wewe unajua, na Alal anajua, ndiyo maana hasemi nawe.

Basi siku hiyo usiweke zulia verandani. Pafagiliwe, paoshwe, pang'ae. Mzee Rafiq atainama kuvua viatu, na mtu aliyeinama huona sakafu. Atauona huo mkono mdogo, na kama namjua mtu wa kwetu, atauliza ni wa nani. Usijibu kwa hotuba. Mwite binti yako, afisa wa polisi, apige goti hapo na kuuweka mkono wake wa leo juu ya ule wa zamani, mbele ya watu waliokuja kuuomba.

Wewe simama tu kando yake, kofia ikiwa kichwani. Safari hii haitaanguka.